Majina Yaliyotungwa Mbali na Mwamba

Ngalawa yetu ilitoka Moa alfajiri, maji yakiwa ndiyo kwanza yaanze kupwa. Kaskazi ilikuwa imechoka na kusi bado haijasimama. Wavuvi huyaita majira haya maleleji, nayo ndiyo majira ambayo bahari ya Mkinga hutulia hata ukaona chini ukiwa umekaa chomboni. Kaskazini yetu kulikuwa na Vanga, ambayo ni Kenya. Kusini kulikuwa na Manza na kisiwa cha Kwale, kisha Tanga mjini. Nahodha wangu, mzee aliyeanza kuvua maji haya kabla sijazaliwa, hakuwa na maneno mengi.

"Samaki gani huyo unayemtafuta, mwanangu?"

"Mdogo tu, mzee wangu. Mkubwa wao hajazi kiganja."

"Wa kitoweo?"

"Wa kumtazama."

Alinyamaza, akageuza ngalawa kuelekea upande wa nje wa mwamba, pale matumbawe yanapoanza kuteremka kilindini. Kisha akaelekeza kidole majini. "Basi rukia hapo. Hao wa kutazamwa ndiko waliko."

Nilirukia. Kwenye kina cha kama pima nne palikuwa na uwanja wa vipande vya matumbawe ya kale, vimeshikana na kuota ukoka wa bahari. Juu yake lilielea kundi la samaki wadogo, vichwa vyote vimeelekea kule mkondo ulikotoka. Majike walikuwa wekundu hafifu. Dume alikuwa mmoja, mgongo wa kijani, tumbo la waridi, na doa jeusi kwenye shina la mkia. Kila baada ya muda alijipinda, akafungua mapezi yote, na mistari ya buluu ikamwaka mwilini mithili ya taa, kisha ikazimika. Nilipanda kuvuta pumzi, nikashuka tena, nikapanda, nikashuka, mpaka mzee akaniita kwamba maji yanatuacha.

Vitabu vinamwita Cirrhilabrus exquisitus. Jina hilo lilichapishwa Afrika Kusini mwaka 1957. Miezi kadhaa kabla ya safari ya Moa nilikuwa nikilifuata katika maandishi ya zamani, nikitaka kujua limetokea wapi, nani alilitunga, na samaki wa mwamba huu alipatikanaje hadi akafika mezani kwa mtunzi. Nilianza na samaki, nikajikuta nimeingia katika habari za mabalozi, masultani, mawaziri wakuu na baruti.

Kwanza niseme huyu ni nani. Ukoo wake ni Labridae, ukoo wa zaidi ya aina 500 zilizoenea katika bahari za dunia. Wengine ni wakubwa kuliko mtu, wengine hawazidi kidole. Huyu wetu hukua hadi sentimita 12 hivi. Hula viumbe vidogo sana vinavyopita na mkondo, na ngozi angavu ya mbele ya jicho lake imegawanyika sehemu mbili, ikimsaidia kuona kwa karibu chembe ambazo wewe na mimi hatuzioni. Wote huanza maisha wakiwa majike. Dume wa kundi akifa au akiliwa, jike mkubwa hubadilika: rangi hugeuka, mwenendo hugeuka, na baada ya muda naye ni dume kamili, baba wa watoto.

Ndugu yake wa karibu tunamjua sote. Pono, ambaye wataalamu walimweka katika ukoo wa peke yake kwa muda mrefu, sasa wengi wao wanamhesabu ndani ya ukoo huu huu baada ya kuchunguza vinasaba. Kiswahili kilimchunguza pono zamani. Mtu akilala fofofo, asisikie kelele wala kutikiswa, tunasema ana usingizi wa pono. Usemi huu haukuzuka hivi hivi. Pono wengi usiku hujibanza penye mwamba, hutoa ute mdomoni na kujifunika mwili mzima, wakalala humo hata mpiga mbizi akawakaribia wasistuke. Mwaka 2011 watafiti wa Australia walionyesha kwamba ute huo huwakinga pono na wadudu wadogo wanyonyao damu, mfano wa chandarua. Baadhi ya nduguze wadogo hulala vivyo hivyo, na wengine hujizika mchangani. Mtu wa kwanza kutamka "usingizi wa pono" alikuwa amemwona pono amelala, usiku, chini ya maji au penye kidimbwi cha maji yaliyokupwa, akamtazama vya kutosha. Huo ni utafiti, ingawa haukuchapishwa katika jarida lolote.

Nyayo za karatasi zinaanzia Unguja. Mwaka 1863 Robert Lambert Playfair alifika huko kuwa balozi wa Uingereza, enzi ya Sayyid Majid. Alikuwa mtu wa kukusanya, na samaki wa Zanzibar walimvutia. Aliwanunua, akawahifadhi katika pombe kali, akawapeleka London kwa Albert Günther, mtaalamu wa samaki wa jumba la makumbusho la Uingereza. Mwaka 1866 wawili hao walitoa kitabu kikubwa chenye picha, The Fishes of Zanzibar. Ni kazi yenye thamani, na hadi leo watafiti huirejea. Lakini fikiria njia yenyewe. Mvuvi anatega dema, anapandisha, anauza. Samaki anatiwa chupani, anavuka bahari, rangi zote zinatoka, anakuwa mweupe kama kitambaa kilichofuliwa mno. Huko aliko ndiko anakopewa jina, mara nyingi na mtu ambaye hajawahi kumwona akiwa hai.

Haikuwa lazima iwe hivyo, maana miaka 100 kabla ya Playfair kulikuwa na mfano mwingine. Mwaka 1761 mfalme wa Denmark alituma wasomi kwenda Arabuni. Mmoja wao alikuwa Peter Forsskål, kijana aliyezaliwa Helsinki. Alikusanya samaki wa Bahari ya Shamu kwa namna ya ajabu: alichuna nusu ya ngozi, akaikausha na kuibandika kwenye karatasi kama mtu anayehifadhi majani ya miti. Mwaka 1763 malaria ilimuulia Yemen, na katika wenzake wote ni Carsten Niebuhr peke yake aliyerudi nyumbani. Niebuhr ndiye aliyechapisha maandishi ya marehemu mwaka 1775. Humo Forsskål alikuwa amefanya jambo ambalo wengi waliomfuata hawakulifanya. Aliwauliza wavuvi Waarabu samaki wao wanaitwaje, na majibu yao akayafanya majina ya kisayansi. Ndiyo sababu changu yule mwenye doa jeusi ubavuni, anayeliwa kila siku pwani yetu, duniani kote anaitwa Lethrinus harak. Pono mmoja wa maji yetu anaitwa Hipposcarus harid. Harak na harid ni maneno ya vinywani mwa wavuvi, yamekaa katika sayansi karibu miaka 250, na hakuna aliyeona kwamba yameishusha hadhi.

Playfair hakuifuata njia hiyo. Waliokuja baada yake wengi hawakuifuata.

Wakati huo huo ardhi na bahari vilikuwa vikikatwa vipande. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walichora mstari kuanzia mlango wa mto Umba hadi ziwa Jipe na kuendelea bara. Vanga ikaangukia upande mmoja, Moa upande wa pili, na Wadigo na Wasegeju waliokuwa wakioana na kuvua pamoja wakajikuta chini ya serikali mbili. Mwaka 1890 Wajerumani walimlipa Sultani wa Zanzibar marki milioni 4 kwa ukanda wa pwani ya upande wao. Kundi la samaki nililoliona halina habari ya mstari huo. Mayai yake huchukuliwa na mkondo, na mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini karibu mwaka mzima, kwa hiyo sehemu ya watoto wa samaki wa Moa hukulia Kenya.

Sasa nifike kwa mtunzi wa jina lenyewe. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo habari ilipo.

James Leonard Brierley Smith alizaliwa Graaff-Reinet, Afrika Kusini, mwaka 1897. Alisomea kemia na kuifundisha chuoni Grahamstown, mji ambao leo unaitwa Makhanda. Samaki alijifunza mwenyewe, kwa mapenzi tu. Desemba 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, msichana aliyesimamia makumbusho madogo ya mji wa East London, alimwandikia habari za samaki wa ajabu aliyeletwa na meli ya uvuvi. Smith akamtambua kuwa ni silikanti, samaki ambaye ulimwengu uliamini alitoweka zama za dinosaria. Tangu hapo maisha yake yaligeuka. Miaka 14 alimtafuta silikanti wa pili.

Katika kumtafuta huko ndiko alikokuja kwetu. Yeye na mkewe Margaret, mchoraji hodari wa samaki, walifanya safari ndefu kutoka Msumbiji hadi Kenya, na mwaka 1952 walifanya kazi Zanzibar na Pemba. Walisambaza vipeperushi vyenye picha ya silikanti na ahadi ya pauni 100 kwa atakayempata. Vipeperushi viliandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Waliokuwa wakikaa baharini usiku na mchana kutoka Lamu hadi Kilwa walizungumza Kiswahili, na lugha yao haikuwamo.

Huko Zanzibar akina Smith walikutana na Eric Hunt, nahodha Mwingereza aliyefanya biashara kati ya Unguja na Komoro. Hunt alizibeba karatasi zile. Desemba 1952, huko Domoni katika kisiwa cha Anjouan, mvuvi Ahamadi Abdallah alipandisha samaki mkubwa kwa mshipi. Wakomoro walimjua, walimwita gombessa. Smith alipopata simu ya maandishi ya Hunt alimwomba ndege waziri mkuu wa Afrika Kusini, D. F. Malan, akapewa, akaruka hadi Komoro, akamwona samaki na kulia machozi. Kisha akampa jina. Akamwita Malania anjouanae.

Malan ndiye aliyeingia madarakani mwaka 1948 na kuusimika ubaguzi wa rangi kuwa sheria ya nchi. Samaki aliyevuliwa na Mwafrika Mwislamu wa Komoro, aliyekuwa na jina lake la Kikomoro tangu zamani, akabebeshwa jina la mtu huyo. Nilipolisoma jambo hili mara ya kwanza nilifunga kitabu. Baadaye ilithibitika kwamba samaki yule ni wa aina ile ile ya mwaka 1938, na Malania likafutwa. Sayansi ililifuta kwa sababu za kisayansi tu, lakini mimi nilifurahi kwa sababu zangu.

Silikanti hakuwa peke yake katika masanduku ya Smith. Kutoka safari zile alirudi na maelfu ya samaki, na mwaka 1957 alichapisha orodha ya ukoo wa Labridae wa magharibi ya Bahari ya Hindi. Humo ndimo alimozaliwa kisayansi exquisitus wetu, jina la Kilatini lenye maana ya aliye teule na bora. Kwa haki, ni jina zuri. Yeyote aliyemwona dume akiwaka juu ya mwamba atakubali.

Tatizo ni namna Smith alivyowapata samaki wake. Alivua kwa baruti. Hakuficha, aliandika mwenyewe. Kwa mtafiti wa zama zile ilikuwa njia ya haraka ya kupata samaki wadogo wanaojificha katika mapango ya matumbawe, ambao ndoana haiwashiki na nyavu haziwafikii. Unatupa fataki, mwamba unapasuka, unaokota. Miamba kadhaa ya Afrika Mashariki ilisikia milipuko yake kabla haijapata majina ya samaki wake.

Msomaji wa Tanga ameshajua ninakoelekea. Miaka ya 1960, Smith akiwa angali hai, uvuvi wa baruti ulikuwa umeanza kuota mizizi katika pwani ya Tanzania, kwa mikono ya watu wengine na kwa njaa nyingine. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 1970 iliukataza, wala haukuisha. Baruti zilitoka machimboni na kwenye miradi ya barabara, na zilipokosekana vijana walijifunza kuchanganya mbolea na dizeli ndani ya chupa. Mlipuko mmoja hupasua kibofu cha hewa cha kila samaki aliye karibu. Wengi huzama na hawaokotwi. Matumbawe yaliyochukua vizazi kujengeka huwa changarawe kwa sekunde moja.

Tena changarawe hiyo si ile niliyoikuta chini ya ngalawa. Samaki huyu hupenda vifusi vya matumbawe, lakini vifusi vya kale, vilivyogandamana, vyenye vishimo vya kukimbilia papa mdogo au kolekole anapotokea. Kifusi cha baruti kinabingirika kwa kila wimbi, tumbawe changa likitua juu yake linasagwa kabla halijashika. Mahali palipopigwa mara nyingi hubaki jangwa kwa miongo.

Hata kabla ya hapo baruti haikuwa ngeni katika maji haya, maana yalionja vita pia. Januari 1915 Wajerumani na Waingereza walipigana Jasin, karibu kabisa na Moa. Tarehe 14 Aprili mwaka huo huo meli ya Wajerumani Rubens, iliyojificha kwa jina la Kronborg na bendera ya Denmark, ilikimbizwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth hadi ikaingia ghuba ya Manza na kuzama nusu. Ilikuwa imejaa bunduki, risasi na makaa. Waingereza walidhani imekwisha, wakaondoka. Wajerumani wakatoa shehena chini ya maji kwa wiki kadhaa, wakaikausha baruti iliyolowa na kuitumia vitani. Nilipopita Manza nilisimama ufukweni nikitazama ghuba ilivyotulia, mikoko imesimama kimya, wanawake wakirudi na mwani begani.

Tanga ilijitahidi kujiponya na uvuvi wa baruti, na hili lisemwe kwa sauti kubwa. Mwaka 1994 ulianza mpango wa hifadhi na maendeleo ya ukanda wa pwani ya Tanga, kwa msaada wa serikali ya Ireland na shirika la uhifadhi wa mazingira la IUCN, ukaendelea hadi 2007. Badala ya kuwafukuza wavuvi, ulikaa nao. Vijiji vilijipangia maeneo ya kusimamia kwa pamoja, vikachagua miamba ya kuipumzisha, vikatoa vijana wa doria. Moa imo katika eneo la Boma hadi Mahandakini. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ya Tanga, iliyotangazwa mwaka 2009 baada ya wavuvi kuanza kumnasa silikanti katika majarife tangu 2003 na 2004, iko kusini na haifiki huku. Miamba ya Moa haitegemei hifadhi hiyo. Ina wanakijiji.

Pesa za mradi zilipokwisha baruti zilirudi. Mwaka 2015 watafiti walisafiri pwani yote ya Tanzania Bara kwa siku 31 wakisikiliza kwa vyombo chini ya maji, wakahesabu milipuko 318. Mwaka huo huo serikali iliunda kikosi cha pamoja cha vyombo vya dola dhidi ya uhalifu wa mazingira, na miaka iliyofuata milipuko ilipungua sana. Nahodha wangu aliniambia kwa namna yake: "Zamani tulikuwa tunasikia du, du, mpaka ngalawa inatetemeka. Siku hizi nasikia kengewa tu."

Turudi kwenye majina, kwa maana nyayo hazikuishia kwa Smith, aliyefariki mwaka 1968. Mwaka 2019 kundi la watafiti lilitangaza aina mpya kabisa ya jenasi ile ile ya Cirrhilabrus, kutoka Zanzibar. Walikuwa Yi-Kai Tea, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Sydney, na wenzake wa California Academy of Sciences ya San Francisco: Hudson Pinheiro, Bart Shepherd na Luiz Rocha. Walizamia mashariki ya Unguja katika kina cha mita 50 hadi 80, ambako mtu mwenye mtungi wa kawaida hafiki. Huko kwenye giza la buluu walimkuta samaki ambaye magamba yake yamezungushiwa utando wa zambarau nzito, na zambarau hiyo haikutoka hata alipotiwa pombe. Wakamwita Cirrhilabrus wakanda.

Wakanda ni nchi ya kubuni katika hadithi za picha za Marekani, iliyotungwa mwaka 1966 na kupata umaarufu wa dunia kwa filamu ya mwaka 2018. Watafiti walieleza kwamba samaki huyu, kama nchi ile, alikuwa amejificha mbali na macho ya ulimwengu. Ninaielewa nia yao, na naiheshimu. Watoto wengi weusi walitoka katika filamu ile wamenyoosha mabega. Hata hivyo kila nikilitamka jina hilo moyo unakataa. Zanzibar ipo. Ina lugha, ina wavuvi, ina majina ya pepo, ya nyota, ya kila aina ya maji kupwa na kujaa. Samaki wa Zanzibar hakuhitaji kuazimiwa jina la Afrika isiyokuwapo, na Afrika yenyewe iko palepale juu ya maji inavua.

Kwamba lingewezekana jambo jingine, tuna ushahidi, na umetoka bahari hii hii. Machi 2022 jenasi hiyo iliongezewa aina nyingine, kutoka Maldivi. Samaki huyo alikuwa akionekana miaka mingi, akidhaniwa ni yule aliyeelezwa mwaka 1983 kutoka Chagos. Tea na Rocha walikuwamo tena katika kazi hiyo, ila safari hii alikuwamo pia Ahmed Najeeb, mtafiti Mmaldivi. Wakamwita Cirrhilabrus finifenmaa. Finifenmaa ni neno la Kidhivehi, lugha ya visiwa vile, maana yake waridi, ua la taifa lao. Ilikuwa mara ya kwanza samaki kuelezwa kisayansi na mtafiti wa Maldivi mwenyewe. Miaka mitatu tu kati ya wakanda na finifenmaa, watu karibu wale wale, jenasi ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mwenyeji alikuwa mezani.

Tuliporudi Moa jua lilikuwa utosini. Chini ya banda la makuti, wazee watatu walikuwa wakitengeneza nyavu. Niliwaamkia, nikawaonyesha picha kwenye simu: exquisitus, na yule msafishaji mwembamba mwenye mstari mweusi ubavuni ambaye huingia hadi kinywani mwa chewa kumtoa vijidudu na kutoka salama, na wengine wanne wa ukoo huo. Mazungumzo yaliwaka. Mmoja alinipa jina, wa pili akalikataa, akasema hilo ni la samaki mwingine na huyu huitwa hivi. Mama mmoja aliyekuwa amerudi kuchokoa pweza aliweka kikapu chini, akaitazama picha mojawapo kwa muda, akasema, "Huyu namwona kila bamvua, anabaki kwenye vidimbwi na wanawe," akataja jina la tatu. Yule mzee mkongwe, aliyekuwa kimya muda wote, akainua uso. "Mnabishana bure. Hawa na pono ni ukoo mmoja. Tazameni meno."

Niliiandika sentensi hiyo kama ilivyo. Alichohitaji ni macho na umri.

Majina niliyopewa yote ninayo daftarini. Sitayachapa leo. Nataka nirudi nikayapeleke Jasin, Zingibari, Kwale na Manza, niyalinganishe, nione lipi la kijiji kimoja na lipi la pwani nzima, kwa sababu nimeona kwa Malania jinsi jina la haraka lisivyomkaa samaki. Lakini kazi hii si ya mwandishi mmoja mwenye daftari. Tunayo Taasisi ya Sayansi za Bahari Unguja, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tunayo TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi. Tunao vijana wanaosomea bahari kila mwaka. Nawaomba: mkija Moa kuhesabu samaki, kaeni kwanza chini ya lile banda kabla ya kufungua mitungi. Na iko siku, katika kina ambacho hakijafikiwa baina ya Tanga na Pemba, mtakutana na samaki ambaye hayumo katika kitabu chochote. Siku hiyo jina liwe la Kiswahili, na aliyeandika awe mmoja wenu.

Nawe msomaji, kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyewahi kutega dema, muulize samaki mdogo wa rangi anaitwaje kwao, uandike anavyotamka, na kijiji, na mwaka. Nahodha wangu alipokuwa akifunga ngalawa aliniambia kwamba marehemu baba yake alijua majina mara mbili ya anayoyajua yeye.